Mafuta ya Friji ya Chanjo

Mwanangu Skolastika,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko chumba cha pili unabishana na mama yako kuhusu sweta. Yeye anasema Dar es Salaam nako kuna baridi za asubuhi, wewe unacheka. Hali yangu nawe unaijua: mgongo, kikohozi cha kipupwe, na mdomo usionyamaza. Kwa hiyo salamu tuziache. Nimekaa hapa mezani jua likiwa bado juu, kwa sababu kesho stendi sitaweza kusema lolote. Kutakuwa na upepo, kutakuwa na makondakta wakipiga kelele, na basi la Mbeya halisubiri hotuba ya mzee.

Ya kufunga begi, ya kutunza nauli na ya kutokupokea chakula cha mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukwambia mpaka masikio yameota sugu. Mimi nataka turudi kwenye ubishi wetu wa jana, ule ulioukatisha kwa kusema, "Baba, mtu hujikuna ajipatapo," ukanawa mikono ukaondoka. Nilibaki na tonge mkononi. Jibu nilikuwa nalo, lakini jibu lenyewe lina kaburi ndani yake, na mama yako alikuwa amekaa pale pale anachambua samaki wa migebuka.

Uliyosema nayakumbuka vizuri. Juma lijalo unaanza kazi kwenye ofisi ya bajeti wizarani, na tayari unasema kama wao. Ulisema pengo la serikali limetokana na matumizi. Serikali ilijitwika mizigo isiyobebeka, ikanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, bei ya Sumbawanga sawa na ya mkoa ulio jirani na pwani, kisha ikayapakia kwenye malori hadi nauli ya gunia ikalishinda gunia lenyewe. Ikajaza watu maofisini. Sasa inapunguza na kila mtu analia. "Na hizi zahanati ndogondogo," ukasema, "haziwezi kubebwa zote. Zingine lazima zifungwe tu." Ulilitamka hilo neno "zingine" kama mtu anayechambua maharage.

Nilikasirika, uliona. Lakini hukukosea, au tuseme hukukosea kote. Ile bei moja ilikuwa hasara kweli, nami naijua hasara hiyo kwa jina, kwa sababu nimeizaa. Ada yako, sanduku lako la bweni, yale makoti mawili uliyoyapoteza, vyote vilitoka kwenye mahindi ya babu yako, na mahindi hayo serikali iliyanunua kwa kujiumiza. Wewe ni hasara ya serikali, mwanangu, tena hasara iliyofaulu mitihani yote. Ndiyo maana napata kigugumizi ninapokusikia ukiisema vibaya.

Sasa nikukumbushe chungu cha bibi yako.

Unajua kwetu matuta hayalimwi na mtu mmoja. Mvua zikielekea kupungua, mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anaita watu, nao wanakuja na majembe tangu alfajiri kufukia majani na kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo uliyokuwa ukirukaruka juu yake ukiwa mdogo ukachapwa. Jua likifika utosini wanakaa kwenye chungu. Aliyelima anakunywa. Hiyo ndiyo sheria, haijaandikwa popote na haijawahi kuhitaji kuandikwa.

Babu yako akaingiwa na ukubwa. Mwaka mmoja alialika waheshimiwa: katekista, mtendaji wa kijiji, na yule karani wa chama cha ushirika aliyekuwa anapima mahindi. Hakuwaalika kulima, aliwaalika kukaa, eti shamba lipate jina. Wakaja na mashati yaliyopigwa pasi, wakakaa kivulini, wakaletewa chungu kabla wakulima hawajamaliza mstari wa mwisho. Wenye majembe walipofika walikuta machicha. Hakuna aliyegombana. Wafipa hatugombani kwenye boma la mtu. Tunashukuru, tunaaga, na mwaka unaofuata tunaumwa mgongo.

Mwaka uliofuata walikuja wachache. Bibi yako akasema, "Napika pombe nyingi mno, ulezi wangu unaisha bure." Akapunguza chungu. Watu wakapungua tena, matuta yakapungua, ulezi wa msimu ule ukawa haba, naye akapunguza tena. Na ukimchukua mwaka mmoja mmoja, bibi yako alikuwa sahihi. Ulezi ulikuwa hautoshi kweli. Ni mama mkwe wangu, mama wa mama yako, nami nilikaa kimya kwa adabu. Lakini hata ningekuwa mwanawe wa kumzaa ningekaa kimya. Kila mwaka tulipima ulezi, na kila mwaka wale mabwana wa mashati walikuja wakakaa kivulini, na hakuna mtu katika ukoo mzima aliyekuwa na uso wa kumwambia katekista ashike jembe.

Nisimwonee bibi yako. Kulikuwa na mwaka wa nyuma kabla ya hapo alipika kupita kiasi, wakaonja asubuhi, wakalala kati ya matuta, mbuzi wakapita juu yao. Chungu kikubwa mno nacho kinaua shamba. Mimi sikuambii chungu hakina mwisho.

Haya. Nije kwangu.

Unajua nilikuwa msaidizi wa mhazini wa halmashauri. Unajua pia kwamba serikali ilipojitoa kununua, mahindi yalilala vijijini mpaka panya wa maghalani wakanenepa wakawa wanatembea mchana bila haya. Watu walikuwa wanakuja ofisini kwangu, watu wazima, wananiamkia shikamoo mimi niliye mdogo wao, ili nikawauzie mahindi. Nikaumwa roho. Nikaandika pendekezo: wanunuzi binafsi wasamehewe ushuru wa mazao msimu mmoja, ili wavutike kupanda huku juu. Lilikuwa wazo langu, sikutumwa na mtu. Kwenye kamati ya fedha diwani mmoja mwenye malori aliliunga mkono kwa maneno matamu mpaka nikaona haya. Nikadhani amependa lugha yangu.

Wanunuzi wakaja. Malori yalipanga foleni, watu wakapata hela kidogo, nami nikatembea mjini kama bwana harusi. Msimu ulipokwisha nikaombwa niandike pendekezo la kuongeza msimu mwingine. Nikaandika. Halafu mwingine. Kumbe msamaha ni kama mgeni wa siku moja aliyekuja na godoro lake.

Nilikwenda Kasesya siku moja kwa kazi ya ofisi. Mpakani pale nikamkuta mnunuzi mmoja, kijana wa mjini, amekaa juu ya magunia yake anasubiri kuvuka. Nikamuuliza, kwa kujisifu kidogo, kama ule msamaha wetu umemsaidia.

"Msamaha gani, mzee?"

"Wa ushuru wa mazao."

Akacheka. "Ahaa, ule. Asanteni sana. Lakini mzee wangu, tusidanganyane. Huko kwenu mahindi yanatupwa, ng'ambo kule watu wana njaa. Hata mngetutoza mara mbili tungekuja. Mngekuwa mmefunga barabara tungekuja kwa punda."

Nilirudi nyumbani nikaacha chakula. Mama yako akafikiri nina malaria.

Wakati huo mfuko wa halmashauri ulikuwa umekwisha toboka. Tukaitwa kikaoni kuziba pengo. Nataka nikuambie kikao kile kilivyokuwa, kwa sababu utakaa kwenye vikao hivyo maisha yako yote. Kila aliyesimama alisema matumizi. Walinzi ni wengi, wahudumu ni wengi, wapishi wa hospitali ni wengi. Na uongo haukuwepo: tulikuwa na dereva ambaye kazi yake ilikuwa kumpeleka mke wa mwenyekiti sokoni. Huyo hakuguswa. Posho zetu za kikao hazikuguswa, nami yangu niliipokea siku ile ile, nikanunulia nyama. Neno ushuru halikutamkwa. Wengine walinyamaza kwa sababu ya malori yao. Mimi nilinyamaza kwa sababu pendekezo lilikuwa langu na mwandiko ulikuwa wangu. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

Kodi ya kichwa ikapandishwa. Mgambo wakatumwa vijijini, wanaume wakawa wanalala kwenye mashamba ya ulezi kuwakwepa. Waliobaki na ng'ombe, wale Wasukuma waliohamia bondeni, wakafuatwa hadi mazizini. Na kwenye matumizi tukapunguza. Kamba hukatikia pabovu, mwanangu. Haikatikii kwa mwenyekiti.

Mimi nilipewa kifungu cha zahanati. Kulikuwa na mafuta ya taa ya kuwashia friji za chanjo. Nilijua kazi yake, nisijifanye sikujua. Nikajiambia, gari la wilaya litakuwa linapita na chanjo kwenye kasha la barafu, watoto wachomwe siku hiyo hiyo, yaishe. Nikakata. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na kifungu cha magari. Naye akajiambia, chanjo zina friji kule kule vijijini, gari la nini kila mara. Akakata dizeli. Tulikuwa tumekaa karibu hivi, tungeweza kuazimana rula. Hatukuulizana. Kila mmoja alikuwa ameokoa fedha akitegemea kitu alichokiua mwenzake, na jioni tukapeana mikono kwamba hesabu imekaa.

Mama yako alikuwa kwa bibi yako msimu ule wa kuvuna, kule mbele ya Mwimbi, na mdogo wako Deo mgongoni. Wewe ulikuwa bweni. Deo alikuwa amefika umri wa sindano ya surua. Nesi Leokadia, yule mnene aliyekuwa anakuchekesha ukiwa na homa, alikuwa anahangaika na ile friji. Leo anaomba mafuta parokiani, kesho anaazima kibaba kwa mwenye duka, siku nyingine inazima usiku kucha anaiwasha asubuhi. Chanjo ikipata joto hufa, lakini haibadiliki rangi. Haitoi harufu. Alimchoma Deo akaandika kwenye kadi, na mama yako akarudi mjini amefurahi kwamba hilo nalo limekwisha.

Surua ilipoingia kijijini Deo alikuwa ameachwa tena kwa bibi yako, anajifunza kutembea. Sisi hatukuwa na hofu. Mtoto ana kadi. Bibi yako naye alikuwa anawaambia majirani, "Wa kwangu amechomwa." Alipopata vipele tukasema ni vya joto. Nilipofika alikuwa anapumua kwa mbavu. Alinijua. Aliukamata mfuko wa shati langu, pale ninapochomeka kalamu, kama alivyozoea.

Tulimzika kijijini. Hakuwa peke yake juma lile. Kulikuwa na vijilima vingine vipya, na Wasukuma wa bondeni walizika wawili wa nyumba moja. Tulikuandikia kwamba ni surua, na kweli ilikuwa surua. Wewe ulipokuja likizo ukakuta matanga yamekwisha na nguo zake zimegawiwa. Uliniuliza, "Baba, si alichomwa?" Nikakujibu kwamba Mungu ana mipango yake. Nakuomba radhi kwa jibu lile. Mungu hakuwemo kwenye kamati yetu.

Mama yako anajua yote. Nesi Leokadia alimweleza ya friji akilia, nami nikamweleza ya kalamu.  Msimu mzima alikuwa ananitengea chakula halafu anakwenda kula jikoni. Jioni moja akasimama mlangoni na bakuli mkononi akaniuliza, "Baba Skola, yalikuwa bei gani?"

"Nini?"

"Mafuta."

Nikamwambia. Kwa zahanati ile, kwa mwaka mzima, yalikuwa chini ya posho niliyonunulia nyama. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei sokoni, akarudi jikoni. Hajaniuliza tena tangu siku hiyo.

Kikao kilichofuata nilisimama. Nikasema ule msamaha ufutwe, wenye malori walipe ushuru kama mama wa kijijini anavyolipia kichwa cha mumewe, na mafuta yarudi zahanati. Nilisema vibaya. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mwenye adabu. Akasema, "Pole sana na msiba, ndugu yetu. Lakini tusichanganye majonzi na uchumi." Wakaafiki. Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipokuja nami nilikuwemo. Sitasema ni kwa sababu ya maneno yale. Pengine ofisi kweli ilikuwa na wasaidizi wengi. Nilijua kalamu inavyokwenda, sikumlaumu aliyeishika.

Ndipo tukarudi kwenye jembe, na ndiyo maana mikono yangu ilikuwa imejaa sugu wewe ulipokuwa unakwenda chuo.

Sasa, jana ulitaka nikujibu: ni matumizi au ni kodi? Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi kuliko hao walimu wako, na sina jibu la kukupa uandike kwenye ripoti. Mahindi ya bei moja yalitutoboa, hilo ni matumizi. Msamaha wangu ulitutoboa, hiyo ni kodi. Mfuko haujui tobo lipi ni la nani. Ninachojua ni kwamba kikaoni, matumizi yana sura ya watu wasiokuwepo mle ndani, na kodi ina sura ya watu waliokaa mezani. Kwa hiyo mazungumzo huelekea upande ule ule kila mara, na kila mwenye kalamu huona amepima sawasawa, kama bibi yako na ulezi wake.

Naogopa, Skola. Niseme wazi bila kuzunguka. Siogopi kwamba utakuwa mwizi; wizi hukulelewa nao. Naogopa utakuwa mimi. Mtu mwaminifu, mwenye huruma, mwandiko mzuri, na amekosea kwa nia njema. Kalamu yangu ilifika Mwimbi. Yako itafika nchi nzima.

Sikuombi utetee kila zahanati. Zipo ambazo ni kuta tu, na siku utakayofunga moja nitakuamini kwamba umeiona. Nakuomba jambo moja dogo mno, la aibu hata kulisema kwa msomi. Ukishakata chako, inuka kwenye kiti chako, nenda meza ya pili, umuulize mwenzako amekata nini. Na kabla hujainuka, uliza kwenye chumba hicho ni nani amekaa kivulini. Watakuchukia kidogo. Wengine watakupa pole.

Nasikia mama yako amekushinda; sweta limeingia. Begi sasa ni zito kama gunia, na mtaanza kubishana ni nani atalibeba kwenda stendi. Utataka kuita kijana wa mkokoteni. Usimwite. Deo angekuwa sasa na umri ule wa kung'ang'ania begi la dada yake, kukataa kusaidiwa, na kushindwa kulinyanyua mlangoni hapo huku sisi tunacheka. Kesho nitalibeba mimi. Mgongo utauma, na nitasimama njiani mara kwa mara. Wewe usiniharakishe, na usinipokonye.

Baba yako